Maneno Niliyoyaficha Ndani ya Picha

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu kubwa ni pale ninapoambiwa kitu hakiwezekani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia majirani pale Kihanga kwamba mtoto huyu ukitaka akufanyie kazi, mwambie hataiweza, kisha kaa pembeni usubiri. Nilijivunia hilo miaka mingi. Leo nalisimulia kwa aibu, maana ndilo lililonifikisha kwenye jambo ninalotaka kulieleza, na sitaki mtu aanze kunionea huruma kabla hajajua nilikuwa mtu wa namna gani.

Ilikuwa miaka ya tisini, watu walipovuka mto kutoka Rwanda kwa wingi ambao hatukuwahi kuuona. Wakati huo Kyerwa haikuwa wilaya, yote ilikuwa Karagwe tu. Vilima ambako zamani tuliona nyasi na ng'ombe wa wafugaji vikajaa maturubai, na ukienda gulioni Nkwenda unasikia Kinyarwanda kila upande. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam, nilikokaa kwa shangazi miaka miwili nikisoma kompyuta. Kijijini waliniona kituko. "Sasa hiyo kompyuta utaipanda wapi?" mjomba aliniuliza. Nikamjibu nitaipanda humo humo kibanjani katikati ya migomba, na itazaa kuliko kahawa yake. Alicheka mpaka akamwaga rubisi, pombe yake ya ndizi.

Kumbe kazi ilikuwa inanisubiri. Kulikuwa na shirika lililokuwa likitafuta wazazi wa watoto waliopotezana nao njiani, na walitaka mtu anayejua kompyuta na anayesikia Kinyarwanda. Kinyarwanda nilikipata kwa baba. Alikuja huku kijana, akafanya kibarua kwenye vibanja vya watu, akamwoa mama yangu Mnyambo, akabaki. Nikaajiriwa. Ofisi yetu ilikuwa Nkwenda, chumba cha nyuma katika nyumba ya mnunuzi wa maharage na kahawa, na ukikaa humo siku nzima unarudi nyumbani unanuka gunia. Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kihaya kutoka Bukoba, nesi wa zamani, mkali, mwenye miwani aliyoisahau kila mahali. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita binti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto aliyekutwa peke yake alipigwa picha akiwa ameshika kibao chenye namba. Picha ikasafishwa, nikaipitisha kwenye skana ikaingia kwenye kompyuta, nikachapisha nakala, nakala zikabandikwa kwenye mbao za matangazo katika kambi zetu mbili. Mzazi akiona sura ya mwanawe, anaishika ile namba, analetwa ofisini kwetu. Lakini sura peke yake haikutosha. Njaa inabadilisha uso, na mtu aliyefiwa anaweza kumwona mwanawe katika uso wa mtoto yeyote. Wala majina hayakutusaidia. Kwa watu wale kila mtoto hupewa jina lake peke yake, halifanani na la baba wala la mama wala la ndugu, na mtoto wa miaka mitatu ukimwuliza mama yake anaitwa nani, anakujibu anaitwa mama. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa tulikaa na mtoto, tukamsubiri aseme kitu chochote cha kwao ambacho mtu wa nje hawezi kukijua. Kile kitu hakikubandikwa popote. Mzazi akija, anaulizwa yeye kwanza, halafu tunalinganisha.

Mwanzoni siri hizo ziliandikwa kwenye madaftari. Siku moja akaja mwanamke akamdai mtoto wa kiume, akaeleza vizuri sana, pamoja na kovu la moto kwenye mguu wa kulia. Daftari lilisema hivyo hivyo, mguu wa kulia. Msimamizi akamwita mtoto, akapandisha suruali yake. Kovu lilikuwa mguu wa kushoto! Aliyeandika daftari alikosea, na mwanamke alikuwa amekariri kosa. Yaani madaftari yalikuwa yanasomwa, na siri zinatembea kambini. Mtoto wa ziada maana yake ni chakula cha ziada kwenye kadi ya mgao, na watu walikuwa na njaa, siwalaumu sana.

"Hivi hapa hakuna mahali pa kuficha maneno?" msimamizi alifoka, akalipiga daftari mezani. Fundi aliyekuja kutufungia kompyuta alikuwepo. Nikasema maneno tuyafiche ndani ya picha zenyewe. Fundi akacheka, akasema picha ni picha, dada, huwezi kuitia barua tumboni. Nikasikia masikio yanawaka moto.

Nieleze kidogo, si jambo gumu. Faili la picha za aina ile tuliyotumia halina picha tu. Lina orodha, na kila mstari wa orodha ni lebo yenye namba yake: namba fulani inasema upana wa picha, nyingine urefu wake, nyingine programu iliyoitengeneza. Namba hizo zinajulikana na kila programu duniani. Lakini walioupanga muundo huo waliacha namba za juu wazi, mtu yeyote ajitungie lebo zake. Nilikuwa na fotokopi ya kitabu cha maelezo, imefifia hadi kurasa nyingine nikawa nazisoma kwa kubahatisha. Nikaandika programu kwa lugha ya C, ikawa inalifungua faili, inaongeza lebo nne nilizozitunga mwenyewe, na inaandika ndani yake: kilima mtoto alikotoka, maana kwao kijiji ni kilima, nani alimleta, alama ya mwilini, na siri yake. Nilihangaika wiki tatu. Kwanza sikujua kwamba lebo lazima zipangwe kutoka namba ndogo kwenda kubwa, kwa hiyo picha zangu zilikataa kufunguka. Nikalia, nikatukana, nikarudi tena mezani. Kisha nikaandika programu ya pili ya kuzisoma: unaandika namba ya mtoto, picha inatokea, na chini yake maneno.

Kwenye kile kitabu kulikuwa na mstari mmoja nilioupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ulisema programu ikikutana na lebo isiyoijua, iiruke tu iendelee. Nilifurahi mno. Maana yake mtu yeyote akilifungua faili kwa programu ya kawaida, anaona uso wa mtoto na hajui kama kuna neno humo. Niliwafanyia maonyesho. Fundi alitazama uso wa mtoto kwenye programu yake, hakuona kitu. Kisha nikatumia yangu, maneno yakatokea. Msimamizi alipiga makofi kama yuko kanisani. "Binti, umewaweza!" akasema. Siku hiyo hiyo akaamuru madaftari yaingizwe yote kisha yachomwe, na kuanzia hapo kila karatasi ya mahojiano ichomwe ikishaingizwa. Nilizibeba mwenyewe hadi jikoni, mpishi akachochea nazo maharage.

Miezi ya kwanza ya programu yangu ndipo alipokuja msichana wa sweta ya kijani. Alikuwa na miaka mitatu, labda minne. Mzee mmoja alimkuta kando ya njia akiwa amekaa, akamkabidhi kwetu, akaenda zake. Dada aliyekuwa akihoji watoto alikuwa na malaria, kwa hiyo nilimhoji mimi. Hakutaka kusema. Nilimpakata, nikampa ndizi ya kuchoma, akaila yote, akalamba na vidole, mimi nikimsubiri. Mwishowe akaninong'oneza kitu sikioni. Nikacheka kidogo, nikakiandika kwenye lebo yake, nikahifadhi, nikamwita anayefuata. Siku ile foleni ilifika hadi barabarani, na alichosema nilikisahau kabla ya jioni. Sikuona haja ya kukikumbuka. Si kilikuwa ndani ya picha?

Akapelekwa kwa familia ya walezi kambini, asubiri mama yake. Hilo tu ndilo lililokuwa linatakiwa duniani kwa ajili ya mtoto yule, mama yake aje aseme neno lile.

Sasa nifike kwenye upumbavu wangu. Picha zilipigwa chini ya maturubai ya buluu, na watoto wetu ni weusi, skana yetu nayo ilikuwa mbovu ya macho. Nyuso zilitoka giza tupu, unaona meno na ile namba. Siku moja nilikwenda kambini kubandika, mwanamke mmoja akakaribia ubao, akatazama, akageuka akaniuliza, "Dada, mmetubandikia masizi?" Wenzake wakacheka cheko lile la mtu asiye na nguvu ya kulia. Iliniuma jamani. Nilirudi Nkwenda nikiapa kwamba nyuso hizi zitaonekana, hata kama sitakula.

Skana ilikuja na programu yake ya kurekebishia picha. Nikafungua faili moja moja, nikaongeza mwanga, nikapunguza giza la nyuma, nikahifadhi juu ya lile lile. Nikafungua jingine. Nilifanya hivyo siku nne mfululizo, jenereta ikinguruma nje na macho yakinitoka machozi. Kisha nikanakili yote kwenye disketi za akiba. Disketi zilikuwa chache, kwa hiyo nikaandika juu ya nakala za zamani. Nikachapisha upya. Lo! Watoto walitokea kama wamenawa uso. Kambini akina mama walikuwa wanazigusa zile picha kwa vidole, wengine wanaita majina. Nilitembea nikijiona mimi ndiye mimi.

Wiki iliyofuata akaletwa mwanamke mrefu, mpole, amefunga kitambaa cheupe cha kanisani. Alimdai msichana wa sweta ya kijani. Tulimkalisha kwenye benchi, msimamizi akamwuliza, nami nikawa natafsiri. Akasema mwanawe ananyonya vidole viwili vya katikati, na anaogopa kuku kwa sababu aliwahi kudonolewa. Nikaandika namba kwenye kompyuta. Picha ikatokea, nzuri, yenye mwanga. Chini yake hakukuwa na kitu.

Nikaandika namba tena. Hakuna kitu. Nikajaribu mtoto mwingine, kimya kimya. Hakuna kitu. Wa tatu, wa nne. Siri zote, vilima vyote, makovu yote, hakuna. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu na kalamu yake, miwani ameiacha kwenye gari. Hakuweza kusoma hata herufi moja kwenye kile kioo.

"Binti, inasemaje?"

Ningesema nini? Ningesema, mama, mashine haina kitu, na karatasi nimezichoma mimi, na disketi nimezifuta mimi? Mwanamke alikuwa ananitazama mdomo. Nikasema, "Inasema hivyo hivyo, mama."

Sijui ni shetani gani alinipa ulimi ule. Nilijiambia nanunua muda tu. Nilijiambia huyu anaonekana mama kabisa, tazama machozi yake. Mtoto aliletwa kutoka kwa walezi, akaenda moja kwa moja akapanda mapajani pake, na mimi moyo wangu ukatulia, nikasema si unaona. Lakini mtoto yule alikuwa anapanda mapaja ya kila mtu. Alipanda ya kwangu siku ya kwanza, kwa ndizi moja. Msimamizi akagonga muhuri. Mwanamke alinishika mikono yote miwili akaibusu, na siku mbili baadaye wakapanda lori la watu wanaorejea kwao ng'ambo ya mto, yeye na mtoto mgongoni. Sidhani kama alikuwa mwongo. Nadhani alikuwa na mtoto wa umri ule, na hakuwa naye tena.

Nilikaa siku tatu nikitafuta nilichokosea, na nilipokipata nilitamani nisingekipata. Programu ikikutana na lebo isiyoijua, inairuka. Ndivyo kitabu kilivyosema, na mimi nikapiga mstari mwekundu nikashangilia. Lakini programu iliyoiruka lebo, ikihifadhi faili upya, inaandika zile inazozijua tu. Haibebi mzigo usio wake. Mimi niliijaribu kufungua picha zangu mara mia. Kuzihifadhi sikuwahi kuijaribu hata mara moja. Kila uso niliouongezea mwanga, nilikuwa naufuta ulimi.

Nilimwambia msimamizi nusu. Nilisema mashine imepata hitilafu, maneno yamepotea, inabidi watoto wahojiwe upya. "Tangu lini?" akauliza. Nikasema tangu juzi. Uongo wa pili unatoka laini kuliko wa kwanza, mtu asikudanganye. Akatuma watu kambini, watoto wakaulizwa tena, na safari hii maneno yaliandikwa kwenye faili la karatasi na kufungiwa kabatini. Watoto wakubwa walirudia yale yale. Wadogo walikuwa wameshasahau, walituambia habari za kambini, foleni ya maji na mbwa wa polisi. Lakini tulipata vya kutosha, kazi ikaendelea, na hakuna aliyeuliza habari za mtoto mmoja aliyekwisha kuchukuliwa. Mtoto aliyechukuliwa hahojiwi.

Zikapita wiki mbili. Asubuhi moja ya gulio gari likamleta mwanamke mfupi, kijana, mguu mmoja anauburuta kidogo, anatembelea fimbo. Alikuwa ameiandika namba kwa mkaa kwenye kiganja, na alikuwa amekunja ngumi njia nzima ili isifutike. Alipofungua mkono nikaijua ile namba kabla sijaisoma vizuri. Picha ya msichana wa sweta ya kijani ilikuwa bado iko kwenye ubao wa kambi ya pili, hakuna aliyekumbuka kuibandua.

Msimamizi alikuwa nje na dereva, wanabishana habari za dizeli. Nilimkaribisha yule mwanamke, nikampa maji. Nikamwambia polepole, "Mama, huyu mtoto mama yake alishamchukua."

"Mama yake ni mimi," akasema. Hakupaza sauti.

Nikamwongezea maji.

"Niulizeni," akasema. "Nimeambiwa huwa mnauliza."

Sikutakiwa kumwuliza. Faili lile lilikwisha kufungwa. Lakini nilimwuliza, nikamwambia aseme kitu ambacho mtoto angekisema. Akatazama mlangoni, akavuta kigoda karibu yangu kabisa, na akainamisha kichwa kama mtu anayekwenda kuungama.

Akasema mume wake alifariki mtoto akiwa bado hajatembea, na nyumbani hakukuwa na mwanamume, wala shemeji, wala kijana wa kazi. Ng'ombe alikuwa mmoja. Nadhani kila mtu wa kwetu anaujua mwiko ule: kwa wafugaji wale mwanamke hakamui. Anaosha vibuyu, anasukasuka maziwa, anatoa siagi, lakini chuchu za ng'ombe hazishiki. Akizishika ni aibu ya ukoo mzima, na majirani hawatayanywa maziwa yake. Hata baba yangu, fukara wa watu, aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu wa kupewa, alikuwa akirudi mbio kutoka kibaruani ili mama asije akathubutu. "Nifanyeje?" yule mwanamke akasema. "Mtoto alikuwa anataka maziwa." Basi alikuwa akitoka alfajiri, anamkamua ng'ombe nyuma ya boma, na mtoto ndiye aliyemshikia ndama kamba. Kila siku akimaliza alimwambia mtoto asimwambie mtu.

Hapo hapo nikakumbuka. Sikuhitaji kompyuta, sikuhitaji lebo. Nilisikia pumzi yenye harufu ya ndizi ya kuchoma sikioni mwangu: Mama anakamua ng'ombe. Usimwambie mtu. Ndicho nilichokicheka siku ile, nikakiandika nikitikisa kichwa, nikisema makubwa haya, mtoto anamtia mama yake aibu. Neno kwa neno, pamoja na lile katazo.

Nianze na yaliyofuata, kwa sababu ndiyo mepesi kuyasema. Siku nne baadaye nilishindwa kula, nikaenda kwa msimamizi nikamweleza yote, tangu mwanga wa picha hadi busu la mikono. Hakunitukana. Alivua miwani, akakaa chini. Ziliandikwa barua kwenda ng'ambo, kwa kila ofisi tuliyoijua, na hakukuwa na jibu lenye mwanamke wa kitambaa cheupe na mtoto wa sweta ya kijani. Tukaenda kambi ya pili kumtafuta mama, tukakuta turubai lake lina watu wengine. Walisema ameondoka, amekwenda kutafuta kwenye makambi ya mbali, huko Ngara. Nilisimamishwa kazi, na nilistahili. Makambi yakaja yakafungwa, watu wakarudishwa kwao, nyasi zikaota tena, na wala sijui kama wawili hao waliwahi kupita njia moja.

Lakini asubuhi ile bado alikuwa mbele yangu, kigoda kwa kigoda. Alinyanyua uso, akauliza, "Alisema hivyo?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Ningesema ndiyo, angepiga ukelele, msimamizi angeingia mbio, na kila kitu kingemwagika pale pale sakafuni, uongo wangu, muhuri, lori. Nimejitetea sana kwa miaka yote hii. Nimesema nilimwonea huruma, mtoto alikwisha vuka mpaka, angefanya nini na maumivu yale. Uongo mtupu. Nilikuwa mwoga. Mimi niliyekuwa nabishana na kila mtu kuanzia Kihanga hadi Nkwenda, niliogopa kuaibika mbele ya nesi mmoja asiye na miwani.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakuna mtoto aliyesema hivyo."

Hakulia. Alikaa akikitazama kiganja chake, ile namba ya mkaa, kisha akaanza kuifuta taratibu kwa kidole gumba.

"Basi alinisikia," akasema. "Mwanangu ni msikivu. Nilimkataza mimi mwenyewe, na yeye amenyamaza. Mnamwuliza, ananyamaza. Mtamjuaje?"

Nikageuzia uso kwenye kompyuta.

"Dada, hii mashine yenu inaandika maneno?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Niandikie na mimi. Kokote mtakakomkuta mtoto asiyetaka kusema, msimpige, msimkasirikie. Mwambieni kwanza, mama amesema sasa unaweza kusema."

Nikaandika. Aliomba nimsomee, nikamsomea. Akanishukuru kwa kumwambia ukweli, akaniombea kwa Mungu nipate watoto wangu mwenyewe, akachukua fimbo yake, akatoka.